Rejeta ya hita

Rejeta ya hita ni kifaa cha gari kinachochukua joto kutoka kwenye maji ya kupozea injini na kulipeleka kwenye hewa ya chumba cha abiria. Kwa umbo inafanana na rejeta kubwa iliyo mbele ya injini, lakini ni ndogo zaidi: mara nyingi ina ukubwa wa kitabu kinene, nayo hufichwa nyuma ya dashibodi. Dereva anapofungua hita, feni hupuliza hewa kupitia rejeta hiyo, na hewa hutoka ikiwa na joto miguuni au kwenye kioo cha mbele.

Kifaa hiki ni sehemu ya mfumo wa kupozea injini. Kwa hiyo kikivuja, injini hupoteza maji hata kama dereva hajawahi kuwasha hita. Jambo hili husahaulika sana katika maeneo yenye joto ya Afrika Mashariki, ambako hita huhesabiwa kuwa kitu kisicho na kazi.

Jina

Mafundi wa Tanzania huiita "rejeta ya hita", "rejeta ndogo" au "hita" tu. Jina la mwisho linaweza kuchanganya, kwa sababu hita nzima ina sehemu kadhaa: rejeta yenyewe, feni, koki ya maji, milango midogo ya kuelekeza hewa, na sanduku la plastiki au bati linalozishika sehemu hizo pamoja. Kimiminika kinachopita ndani huitwa "maji ya rejeta" au "kulanti", ingawa vitu hivyo viwili si kimoja. Kulanti ni mchanganyiko wa maji na dawa ya kuzuia kutu na kuganda.

Historia

Magari ya kwanza hayakuwa na hita. Mwaka 1893 Margaret A. Wilcox wa Chicago, Marekani, alipewa hataza ya hita, wakati magari ya petroli yalikuwa bado machache mno. Mwishoni mwa miaka ya 1920 baadhi ya magari, kama Ford Model A, yaliweza kufungwa hita iliyotumia joto la bomba la moshi. Njia hiyo ilikuwa na hatari, maana bomba likitoboka moshi wenye sumu uliweza kuingia kwa abiria. Matumizi ya maji ya moto ya injini yalienea katika miaka ya 1930. Mwaka 1938 kampuni ya Nash ya Marekani ilianza kuuza mfumo, uliokuja kuitwa Weather Eye, uliovuta hewa safi kutoka nje, kuichuja na kuipitisha kwenye rejeta ya maji ya moto. Msingi huo ndio unaotumika hadi leo katika magari mengi ya petroli na dizeli.

Katika Land Rover za zamani hita ilikuwa nyongeza ya kulipiwa, hivyo gari lingeweza kununuliwa bila hita kabisa. Hali imebadilika tangu magari yaliyotumika Japani yalipojaa katika barabara za Tanzania, Kenya na Uganda. Japani ina majira ya baridi kali, na magari yake karibu yote huja na hita. Magari ya abiria wengi, kama Toyota Hiace na Toyota Noah, mara nyingi huwa na hita ya pili ya nyuma, ambayo mabomba yake hupita chini ya gari.

Muundo na utendaji

Rejeta ya hita huwa na vijibomba vyembamba vilivyozungukwa na mapezi ya bati jepesi, pamoja na matangi mawili madogo kwenye ncha zake. Zile za zamani zilitengenezwa kwa shaba na kuunganishwa kwa risasi. Nyingi za miaka ya karibuni ni za alumini, na baadhi zina matangi ya plastiki.

Mpira mmoja huleta maji ya moto kutoka kwenye injini, kwa kawaida kwenye silinda hedi, na mwingine huyarudisha upande wa kuvuta wa pampu ya maji. Mipira hiyo huonekana ikipenya ukuta wa bati unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Magari mengi hutumia mipira yenye kipenyo cha ndani cha milimita 16 hivi.

Kuna mifumo miwili ya kurekebisha joto. Katika wa kwanza, koki hufunga au kufungua njia ya maji. Katika wa pili, maji hupita wakati wote, na mlango mdogo ndani ya sanduku huamua kiasi cha hewa kitakachogusa rejeta. Tofauti hiyo ni muhimu wakati wa kutafuta uvujaji. Kwenye mfumo wa pili, kuzima hita hakuzuii maji kuendelea kuvuja.

Mfumo wa kupozea hufanya kazi chini ya presha. Maji yaliyo wazi huchemka kwenye 100°C usawa wa bahari, na kiwango hicho hupungua kwa takriban 1°C kwa kila mita 300 za mwinuko. Mahali palipo mita 1,200 juu ya bahari, maji huchemka kwenye 96°C hivi. Thamostati za magari mengi huanza kufunguka kati ya 80°C na 90°C, kwa hiyo nafasi inayobaki ni ndogo. Kifuniko cha rejeta huongeza nafasi hiyo kwa kushikilia presha, ambayo katika magari mengi ya Japani ni baa 0.9 hadi 1.1, na maji huweza kufika zaidi ya 115°C bila kuchemka. Tundu dogo kwenye rejeta ya hita huondoa presha hiyo. Hasara yake basi ni kubwa kuliko matone yanayoonekana, kwa sababu hata maji yaliyobaki huchemka mapema.

Sababu za kuharibika

Sababu kubwa ni kutu na magadi ya maji. Maji ya kisima au ya bwawa yana madini na tope. Yanapopata moto mara nyingi, madini huganda kwenye vijibomba kama ukoko unaoonekana ndani ya birika la chai. Pia maji yasiyo na dawa huruhusu metali za aina tofauti, kama chuma cha injini, alumini ya silinda hedi na shaba ya rejeta, kulana zenyewe kwa zenyewe.

Hita isiyotumika huharibika kwa njia yake. Koki ikikaa imefungwa kwa miaka, maji yaliyomo ndani hayatembei, tope hutua chini, na kutu hutoboa ukuta wa kijibomba. Sababu nyingine ni mtikisiko wa barabara mbovu unaolegeza viungo vya risasi, mipira iliyozeeka, na presha kupita kiasi inayotokana na kifuniko kibovu au gasketi ya silinda hedi iliyoungua.

Dawa za kuziba uvujaji huweza pia kuleta madhara. Baadhi ya madereva hutumia ute wa yai au unga wa viungo kwa lengo hilo. Vijibomba vya hita ni vyembamba kuliko vya rejeta kubwa, hivyo ndivyo huziba kwanza.

Dalili

Dalili za kawaida za rejeta ya hita inayovuja ni hizi:

- zulia la mbele kulowa, hasa karibu na katikati ya gari au upande wa abiria;
- harufu tamutamu ndani ya gari, kama kulanti inatumika;
- kioo cha mbele kupata ukungu wenye utelezi ambao haufutiki vizuri kwa kitambaa;
- maji kupungua bila tone kuonekana chini ya gari;
- sauti ya maji yanayotiririka nyuma ya dashibodi.

Rejeta iliyoziba bila kuvuja hutambulika kwa hita kutoa hewa baridi ilhali injini ina joto. Kwa kawaida mpira mmoja huwa wa moto na mwingine vuguvugu au baridi.

Zulia kulowa hakutoshi kuthibitisha uvujaji. Kiyoyozi nacho hutoa maji, na mrija wake wa kumwagia nje ukiziba, maji hayo huingia ndani. Maji ya kiyoyozi ni safi, hayana rangi wala harufu, na huonekana tu kiyoyozi kinapotumika. Maji ya hita huwa na rangi ya kulanti au ya kutu. Ikiwa maji yanapungua na zulia ni kavu, huku moshi mweupe ukitoka kwenye bomba au oili ikigeuka rangi ya maziwa, tatizo linaweza kuwa gasketi ya silinda hedi.

Katika maeneo ya joto: mfano wa Mwandoya

Mwandoya ni kata ya Wilaya ya Meatu katika Mkoa wa Simiyu, Tanzania, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega hasa Mkoa wa Shinyanga. Kata hiyo iko kwenye barabara inayotoka Bariadi kupitia Kisesa na Mwandoya hadi Mwanhuzi, makao makuu ya wilaya, na kuendelea kuelekea mto Sibiti na Mkoa wa Singida. Ni eneo la wakulima wa pamba na wafugaji, lenye kiangazi kirefu, na liko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari.

Katika mazingira kama hayo dereva anaweza kumiliki gari miaka kumi bila kugusa kitufe cha hita, na hivyo hana sababu ya kuikumbuka. Lakini maji ya injini yanapita humo au yamekaa humo siku zote. Wakati wa kiangazi maji safi huwa adimu, na rejeta za magari hujazwa kwa maji yanayopatikana, yakiwemo ya visima vyenye chumvi na ya malambo. Vumbi nalo huziba mapezi ya rejeta kubwa. Injini inayofanya kazi karibu na mpaka wa joto lake haina nafasi ya kupoteza hata lita moja.

Hatari kubwa iko njiani. Gari lililobeba mzigo au mgonjwa kati ya vijiji linaweza kwenda kilomita nyingi bila kupita gereji. Dereva aliyezoea kuongeza maji kila asubuhi huona kwamba tatizo "linavumilika", hadi siku tundu linapopanuka. Tena geji ya joto inaweza kumdanganya. Kihisio chake hupima vizuri kikiwa ndani ya maji. Maji yakiisha na kihisio kubaki kwenye hewa au mvuke, mshale unaweza kushuka, na dereva akadhani injini imepoa wakati imekauka. Matokeo yake ni silinda hedi kupinda, gasketi kuungua, au injini kunoki kabisa. Matengenezo hayo hugharimu mara nyingi zaidi ya bei ya rejeta ya hita.

Kwa upande mwingine, hita ina matumizi hata katika nchi ya joto. Wakati wa mvua huondoa ukungu kwenye kioo cha mbele, hasa katika gari lisilo na kiyoyozi. Injini inapoanza kuchemsha, kufungua hita hadi mwisho pamoja na feni huondoa sehemu ya joto na kumpa dereva nafasi ya kufika mahali salama pa kuegesha. Gari linalosafiri hadi Njombe, Makete au Mbeya mwezi Juni au Julai, au hadi Limuru na Nyandarua nchini Kenya, hukuta baridi ambayo hita iliwekwa kwa ajili yake.

Kuziba, kuondoa kwenye mzunguko au kubadilisha

Mwenye gari huwa na njia tatu.

Kuziba kwa dawa ni njia ya dharura tu. Huweza kumfikisha dereva mjini, lakini mfumo mzima unapaswa kuoshwa baadaye.

Kuiondoa hita kwenye mzunguko ni njia inayotumika sana Afrika Mashariki. Fundi hufungua mipira miwili kwenye ukuta wa bati na kuiunganisha kwa kipande cha bomba au kwa mpira mmoja uliopinda, ili maji yatoke kwenye injini na kurudi bila kupita kwenye hita. Uvujaji wa ndani huisha papo hapo. Njia hii ni halali ikifanywa vizuri, yaani kwa bomba la metali isiyoshika kutu upesi, klipu imara na mpira unaostahimili joto. Kuunganisha mipira ni salama kuliko kuiziba kila mmoja kwa kipande cha mti au bolti. Katika baadhi ya injini njia ya hita husaidia maji kuzunguka kabla thamostati haijafunguka, na ikifungwa sehemu za silinda hedi huweza kupata moto usio sawa.

Kuiondoa hita kusichanganywe na kuondoa thamostati. Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto lake, hutumia mafuta zaidi na huchakaa mapema.

Kubadilisha ndiyo njia kamili. Kipuri kinaweza kuwa kipya au cha mtumba. Rejeta ya shaba huweza pia kutengenezwa na fundi wa rejeta kwa kulehemu risasi, wakati ya alumini yenye matangi ya plastiki kwa kawaida haitengenezeki. Vipuri vya magari ya zamani hutafutwa katika masoko makubwa kama Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na Kisekka jijini Kampala. Kwa kuwa aina moja ya gari huweza kuwa na rejeta za hita tofauti, fundi mwangalifu hununua kwa namba ya chasi au huenda na rejeta ya zamani mkononi.

Hatua za kubadilisha

Muda wa kazi hutegemea gari. Katika baadhi ya magari ya zamani rejeta huchomolewa kutoka chini ya dashibodi kwa saa chache. Katika mengine dashibodi nzima lazima ishushwe, na kazi huchukua siku moja au mbili. Kwa kawaida hufuatwa mpangilio huu:

1. Injini huachwa ipoe kabisa. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi ikiwa ya moto.
2. Waya hasi wa betri huondolewa. Katika gari lenye mifuko ya hewa ya usalama husubiriwa kwanza. Kwa magari ya Toyota muda unaotajwa ni angalau sekunde 90.
3. Maji hukingwa kwenye chombo, na mfumo huoshwa hadi maji yatoke meupe. Tope likiachwa kwenye injini, litaziba rejeta mpya.
4. Mipira miwili huwekwa alama na kufunguliwa. Ukishikamana, mpira huchanwa kwa urefu. Haupindwi kwa nguvu, kwa sababu bomba la rejeta huvunjika kirahisi.
5. Maji yaliyobaki ndani hupulizwa polepole yatoke, ili yasimwagike kwenye zulia na nyaya.
6. Dashibodi hufunguliwa hatua kwa hatua. Picha za simu na vikopo vya kutenganishia skrubu husaidia wakati wa kurudishia.
7. Ikiwa mabomba ya kiyoyozi yanazuia sanduku kutoka, gesi huvutwa kwa mashine na fundi wa viyoyozi. Gesi ya R-12, iliyotumika katika magari ya zamani, huharibu tabaka la ozoni na ilidhibitiwa na Itifaki ya Montreal ya 1987.
8. Rejeta mpya hulinganishwa na ya zamani kwa urefu, unene na mwelekeo wa mabomba. Kisha hupimwa kwa kuzamishwa kwenye beseni la maji, mdomo mmoja ukiwa umezibwa na mwingine ukipewa hewa kwa pampu ya baiskeli. Baa 1 hutosha. Mapovu yakitokea, rejeta ina tundu.
9. Rejeta hufungwa pamoja na sponji zake, ambazo huizuia isitikisike na huzuia hewa isipite pembeni. Mipira na klipu chakavu hubadilishwa wakati huo huo.
10. Mfumo hujazwa kulanti polepole, hita ikiwa imefunguliwa upande wa moto. Kuinua mbele ya gari husaidia hewa kutoka.
11. Ikiwezekana, uvujaji hukaguliwa kabla dashibodi haijarudishiwa. Fundi anayeruka hatua hii huenda akalazimika kuifungua dashibodi mara ya pili.
12. Baada ya safari fupi injini huachwa ipoe, na kiasi cha maji hukaguliwa tena. Ukaguzi hurudiwa kwa siku chache zinazofuata.

Usalama na utunzaji

Kulanti nyingi zina ethilini glikoli, ambayo ni sumu. Ladha yake tamu huvutia watoto, mbwa na mifugo, na kiasi kidogo huweza kuharibu figo au kuua. Kulanti iliyokingwa haiachwi wazi kwenye beseni, haimwagwi karibu na kisima au lambo, wala haihifadhiwi kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Aliyeinywa hupelekwa hospitali mara moja.

Ili rejeta mpya idumu, hutumika mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yaliyotoneshwa, na hubadilishwa kwa muda uliotajwa na mtengenezaji. Pasipo maji yaliyotoneshwa, maji safi ya mvua yaliyokingwa na kuchujwa yana madini machache kuliko ya kisima. Katika maeneo ya joto inashauriwa kufungua hita kwa dakika chache angalau mara moja kwa mwezi injini ikiwa na joto, ili maji yaliyomo yatembee na koki isigande. Dereva anayelazimika kuongeza maji kila wiki anapaswa kutafuta yanakokwenda, na zulia lililo chini ya dashibodi ni mahali pamojawapo pa kugusa kwa mkono.